"Fundi, nitengenezee kitu cha kudumu": hebu tuliongee hili neno

Fundi Tendegu

Habari zenu wakuu.

Nina karakana ya useremala Keko hapa Dar, huu ni mwaka wa 19. Hakuna maneno niliyoyasikia kwa wateja kuliko haya: "Fundi, nitengenezee kitu cha kudumu." Anayeyasema anagonga ubao kwa kifundo cha kidole, anausikiliza, anaunyanyua kupima uzito, anaridhika. Ametamka kudumu, lakini alichopima ni ugumu. Neno hili limenitia hasara mimi, limewatia hasara wateja wangu, na nimeanza kuamini kwamba kosa linaingia kwenye maongezi kabla halijafika kwenye mbao. Ndiyo maana nimeleta uzi.

Maneno tunayo mengi: ngumu, imara, madhubuti, thabiti, -a kudumu. Dukani yote yanatumika kama neno moja. Mimi nayatofautisha hivi, na wajuzi mnisahihishe.

Ngumu ni habari ya mguso. Kitu hakibonyei, msumari unapinda kabla haujaingia. Imara ni habari ya kusimama: ukiegemea meza haiyumbi. Madhubuti nalitumia kwa kazi ilivyofungwa, viungo vimekaza na hakuna panapocheza. Haya yote naweza kukuonyesha leo hii, hapa hapa, ukitikisa kwa mkono wako.

Kudumu hakumo kwenye kundi hilo. Angalieni sarufi yenyewe. Imara, madhubuti na thabiti ni vivumishi, tena vya aina isiyobadilika: mlango imara, milango imara, kitanda imara. Vimetulia tu. Kudumu ni kitenzi. Kitanda kinadumu. Kimedumu. Hakikudumu. Kitadumu, kama. Ndani yake mna wakati, mna kukanusha, na ukikinyambua anatokea mtu wa kuifanya kazi: kudumisha. Mtu akiniambia kitanda ni imara, nakitikisa namwamini au namkatalia. Akisema kitadumu, anaongelea miaka ambayo hakuna aliyeiona, na anamwongelea pia atakayelala humo.

Nieleze kilichonifanya niandike. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea kitanda cha bibi yake kutoka Tanga. Bibi aliingia nacho kwenye ndoa, na mtoto wake wa kwanza sasa ana miaka 61. Tendegu moja, yaani mguu wa kitanda, lilikuwa linacheza. Nikakifungua chote. Mifumbati (mbao ndefu za ubavuni) mvule, vitakizo (zile fupi za kichwani na miguuni) mvule, hakuna msumari hata mmoja. Kila ulimi umeingia kwenye tundu lake na kupigiwa kigingi cha mti.

Kijana alikuwa amesimama pembeni anasema kwa fahari: "Unaona vitu vya zamani, fundi? Hiki hakijawahi kuguswa."

Nikamwita asogee. Kigingi cha tendegu la kichwani upande wa kulia kilikuwa cheusi, mpingo. Cha miguuni kushoto kilikuwa cha mti mwepesi wa rangi ya njano, kimezungushiwa kipande cha kitambaa ili kikaze. Chaga tatu zilikuwa mninga na zilizobaki mvule. Kwenye mfumbati mmoja, upande wa chini usioonekana, ufa mwembamba ulijazwa nta ya nyuki, na juu ya nta ile patasi ya mtu fulani ilipita kusawazisha. Nilihesabu mikono minne ya mafundi, kila mmoja na namna yake ya kuchonga. Kitanda kile kimeguswa miaka yote hiyo. Kila kilipoanza kulegea, kuna mtu alikisikia na kumwita fundi.

Sasa na langu. Mwaka 2014 nilimtengenezea mteja wa Dodoma mlango wa mbele, mninga mtupu. Alikuwa na harusi ya binti yake na siku zilikuwa zimebana. Mbao zile zilikuwa na wiki tano tu tangu zipasuliwe. Nilijua. Wazee waliotufundisha kazi wanasema unene wa inchi moja ni mwaka mmoja kivulini, mbao zikiwa zimepangwa na vijiti katikati ili upepo upite. Nikajipa moyo kwamba mninga ni mninga. Siku ya kuufunga ulibebwa na wanaume wawili kwa shida, na kila mgeni aliusifia. Miezi minne ya hewa kavu ya Dodoma ilitosha. Ubao husinyaa kwa upana wake, urefu hauguswi, kwa hiyo zile paneli za katikati zilijivuta mpaka ukikaa sebuleni unaona mwanga wa nje kwa mistari. Ulikuwa mgumu vile vile. Ukiugonga unalia kama chuma. Nilirudi Dodoma kwa nauli yangu nikautoa, na sura ya yule mama aliponifungulia bado ninayo.

Swali langu kwenu: kwenye kazi yako, au nyumbani kwako, kitu kinachokaa muda mrefu kikiwa bado kizuri mnakiitaje? Na mnapimaje?

Nawasilisha.

---

Mama Vitenge

Fundi, umenikuna. Kwenye biashara yangu neno imara sijalisikia hata siku moja. Nguo husemi ni imara. Tunasema haichuji. Mteja akikamata kitenge swali la kwanza ni hilo, "Dada, hakichuji hiki?" La pili ni kupauka. Kuna kitambaa hakichuji kwenye maji lakini kinapauka kwa jua, haya ni mambo mawili na wauzaji wengi wanayachanganya makusudi.

Kupima ni rahisi. Nalowesha pembe ya kitenge, nachukua kitambaa cheupe cha pamba, nafikicha mara kumi mbele ya mteja. Cheupe kikitoka cheupe, tunaongea bei. Nikiona rangi imehamia namwambia ukweli na namshushia.

Ila nakubaliana na wewe kwamba nusu ya kazi anaibeba yeye nyumbani. Namwambia geuza ndani nje, anika kivulini, usiloweke usiku kucha na sabuni ya unga. Kuna kanga yangu ya uzazi wa kwanza, mwanangu sasa yupo chuo, maandishi yake bado yanasomeka. Haijawahi kuliona jua la saa saba.

Na mtu pia tunasema amechuja, au huyu hachuji. Mwimbaji anayejaza ukumbi miaka ishirini, hachuji. Hakuna anayesema mwimbaji imara.

---

Chokaa

Assalam alaykum. Niko Unguja, Mji Mkongwe, kazi yangu ni kutengeneza kuta za nyumba za kale. Uzi huu ningeuomba usomwe na kila mwenye nyumba huku.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene kama nusu mita na zaidi. Ukuta huu una maji ndani yake. Yanapanda kutoka chini, yanaingia na mvua, na yanatoka kupitia chokaa. Chokaa ni laini. Ukiikwaruza kwa ukucha inatoka unga. Mwenye nyumba anaiona dhaifu, anakwenda kununua saruji, anapiga lipu ya saruji nje na ndani, ukuta unang'aa. Kila mtu anasema sasa nyumba imekuwa imara.

Maji hayana pa kutokea tena. Yanakaa ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya ile saruji, udongo unaoshikilia mawe unalainika, vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza. Miaka inapita, siku moja lipu inabanduka bamba zima na mawe yanakuja nayo. Nimesimama mbele ya kuta hizi nikivuta kipande cha saruji kwa mkono mmoja, kigumu kama sahani, na nyuma yake udongo unamwagika kama unga wa muhogo. Kilichokuwa imara kuliko vyote ndicho kilichoua nyumba.

Wazee walikuwa wakipaka chokaa upya kila mara, wengine kila inapokaribia sikukuu. Tukiwa watoto tukidhani ni mapambo.

Na umegusa neno kubwa, fundi. Kuna hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) kwamba amali inayopendeza mno kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo. Neno lililotumika pale kwa Kiarabu ni *adwam*, na huko ndiko mzizi wa dumu na daima ulikotoka. Rakaa mbili za kila usiku zinaitwa za kudumu kwa sababu zinarudiwa.

---

Ghaibuni

Wa alaykum salaam Chokaa. Mimi niko Muscat, nyumbani tunaongea Kiswahili cha bibi zetu waliotoka Unguja. Niwape kitu kuhusu imara.

Huku ukiuliza rafiki yako anakaa wapi, anaweza kukwambia imara fulani, ghorofa ya tatu. *Imara* kwa Kiarabu ni jengo. Mzizi wake ni ule ule uliotupa umri. Asili yake ni kukaa mahali pakawa na watu na uhai, kujenga, kuishi sana. Kwa hiyo imara na umri ni ndugu wa tumbo moja, na pengine wahenga wetu waliolichukua neno walikuwa wanatazama jengo lililosimama wakaligeuza sifa.

Madhubuti nalo ni ndugu wa kudhibiti: kitu kilichobanwa kikakaa sawasawa. Thabiti ni ndugu wa kuthibitisha, kufanya kitu kisimame kisisogee. Kwa hiyo fundi ulivyoyagawa maneno kwa kusikiliza wateja tu, hukukosea hata kidogo.

---

Jirani wa Kisauni

Ghaibuni, na hii Imarati ya Dubai na Abu Dhabi, ni imara hiyo hiyo? Nimekuwa nikidhani hivyo siku zote.

Halafu niongeze la huku Kenya. Miaka mingi redio ilikuwa ikitwambia "Katibu wa Kudumu katika wizara" fulani. Katiba ya 2010 ikaja na cheo kingine, lakini sisi tuliozoea bado linatutoka mdomoni. Na huyo katibu alikuwa akihamishwa hata katikati ya mwaka! Kilichokuwa cha kudumu ni kiti, mtu ni mpita njia.

---

Ghaibuni

Hapana jirani, hiyo ni nyingine. Imarati ni jamaa ya amri na amiri, inaandikwa kwa alifu. Imara ya jengo na umri inaandikwa kwa ain. Kiswahili hakina sauti ya ain, kwa hiyo zikifika kwetu zinavaa nguo moja.

---

Bei Poa

Mkuu Fundi Tendegu, samahani, mimi sitaungana nawe moja kwa moja. Huu wimbo wa matunzo nimeusikia sana na mafundi wanaupenda mno. Nilinunua kabati kwa fundi mmoja, nikaambiwa mkongo, nikalipa pesa ya mkongo. Mwezi wa nane naona unga mweupe sakafuni kila asubuhi. Mke wangu anafagia, kesho upo tena. Nikamrudia fundi, akaniuliza uliwahi kulipiga dawa? Ulilitunza? Yaani kosa likawa langu.

Mtu anayeuza ndiye anayejua kilichomo ndani. Ukisema kudumu ni kazi ya mnunuzi, umewapa wababaishaji mlango wa kutokea.

---

Fundi Tendegu

Bei Poa, una haki, na nakushukuru umelisema. Ningeliacha hivi uzi wangu ungetumika vibaya.

Lako halikuwa la matunzo. Mti wowote una sehemu mbili. Kuna kiini, ile rangi iliyokolea katikati, na kuna sehemu nyeupe ya nje karibu na gome. Kiini cha mkongo au mninga mdudu hakigusi kirahisi, kina uchungu wake wa asili. Ile nyeupe ina wanga, ni chakula. Mdudu anataga, kiwavi anabungua kwa ndani usione kitu, na siku unapouona unga sakafuni ujue ameshatoka mlangoni. Ubao wenye nyeupe unauzwa bei ya chini, fundi asiye mwaminifu anaununua, anaupaka rangi ya kukoleza na vanishi, na ukisimama mbele yake wewe hutajua. Mimi mwenyewe ukiniwekea vanishi nzito usiku sitajua.

Kwa hiyo naomba kila anayesoma hapa ashike jambo hili moja. Nenda karakana kabla ya vanishi. Mwambie fundi unataka kuiona kazi ikiwa mbichi, imepigwa msasa tu. Geuza, angalia mgongo wa kabati, angalia kingo za ndani za droo, maana huko ndiko wanakoficha nyeupe. Fundi atakayekukatalia, ondoka na pesa yako. Na ulipe nusu, nusu nyingine baada ya kuona.

Kudumisha kuna watu wawili. Fundi anaanza, mwenye kitu anapokea. Fundi asipofanya sehemu yake, mwenye kitu hana cha kudumisha.

---

Mkulima wa Urambo

Huyo mdudu wa Bei Poa ana jamaa yake huku kwetu. Tunamwita dumuzi, wengine Scania. Aligunduliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, asili yake ni Amerika ya Kati, na ni ukoo mmoja na hao wanaobungua mbao. Mahindi uliyoweka gunia zima, ukifungua baada ya miezi mitano unakuta unga na maganda. Wazee walibadilisha utaratibu wote wa kuhifadhi kwa ajili yake, waliokuwa wanatundika mahindi na magunzi yake wakaanza kupukuchua mapema na kuweka dawa.

Kwenye mahindi hatusemi yanadumu wala imara. Tunasema yanakaa. "Mbegu hii inakaa?" Yaani ikiwekwa haiharibiki upesi. Zile mbegu za kienyeji zenye punje ngumu kama kokoto zinakaa kuliko hizi laini za mavuno makubwa, na ndiyo sababu mama yangu hajaziacha hadi leo. Analima robo eka ya kienyeji, ya kula yeye, na mengine ya kuuza.

---

Mwashi

Neno la Chokaa limenigusa lakini niitetee saruji kidogo, maana ndiyo inayonilisha.

Mafundi wenzangu wana usemi, zege halilali. Ukishachanganya, ulimwage siku hiyo hiyo. Watu wameushika huo wakasahau wa pili: zege linanyweshwa. Saruji haikauki kama tope la udongo. Inashikana kwa kuungana na maji, na maji yakiisha mapema kushikana kunakoma hapo hapo. Unatakiwa umwagilie siku 7 angalau, na nguvu yake wataalamu wanaipima siku ya 28. Sasa nenda mtaani uone tofali zinavyopigwa. Zinafyatuliwa Jumatatu, zinaanikwa juani, Alhamisi zipo kwenye lori. Ukizishika ni ngumu, ukizigonganisha mbili zinalia vizuri. Zijengee, mvua mbili, pembe zinaanza kulika.

Mimi nikipewa kazi nanunua tofali wiki nne kabla, naziweka site kwa mwenye nyumba, nafunika magunia, na namwomba mtoto wa nyumba hiyo azimwagilie asubuhi na jioni. Wapo wanaonicheka kwamba fundi analea tofali.

---

Mwalimu wa Zamu

Wanajamvi, uzi mtamu. Nina masahihisho machache, mniwie radhi, ndiyo kazi yangu.

Nimeona kwenye mitandao watu wakiandika "udumavu wa bidhaa" wakimaanisha kwamba inadumu. Hapana. Udumavu unatokana na kudumaa, ni wa mtoto ambaye kimo chake hakikui kwa sababu ya lishe duni. Ni tatizo zito la nchi yetu na neno lake lisichezewe. Jina linalotokana na kudumu ni udumifu, ingawa watu wengi hawalitumii, wanasema tu "kudumu kwake". Na dumu la maji halihusiki kabisa, wingi wake ni madumu.

La pili linamuunga mkono mwanzisha uzi. Tanzania tuna Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Mmewahi kujiuliza kwa nini daftari la kudumu kila baada ya muda tunatangaziwa kwamba *linaboreshwa*? Watu wanafariki, wanahama, wanatimiza miaka 18. Lingeachwa bila kuguswa miaka kumi lingekuwa orodha ya marehemu na watu waliohama. Linaitwa la kudumu kwa sababu halianzwi upya, linaendelezwa. Kamati za Kudumu za Bunge nazo ni hivyo, wajumbe wanabadilika na kamati ipo.

Na kwenye wimbo wa taifa hatuombi uhuru na umoja viwe imara. Tunaomba "dumisha uhuru na umoja". Kitenzi, tena cha kutendesha. Kila siku mstarini wanafunzi wanaimba, na mimi mwenyewe sikuwahi kulitazama hilo neno hivi mpaka leo asubuhi niliposoma hapa.

Wakristo watakumbuka kwenye Matendo ya Mitume, waumini wa kwanza "wakawa wakidumu katika fundisho la mitume". Ni lile lile la Chokaa. Kudumu kwa mtu ni kurudia.

---

Mwisho wa Reli

Kigoma hapa. Mkiongea habari ya kudumu bila kuitaja Liemba nitawashangaa.

Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikaja kwa bahari mpaka Dar na kwa reli mpaka huku kwetu, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata, vita vimewaelemea, Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isichukuliwe. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Imebeba watu, dagaa, mananasi na wakimbizi. Mashine zake za mvuke zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970 ilipowekewa za dizeli.

Watu wanasema ni chuma cha Mjerumani. Kila kitu kigumu huku ni cha Mjerumani. Lakini chuma ni chuma, kikikaa miaka minane ndani ya maji kinajulikana kitakavyokuwa. Kilichoiokoa ni kwamba wale mafundi, walipopewa amri ya kuizamisha, kwanza walizipaka mashine grisi nzito. Wanaizamisha meli huku wanaipaka mafuta. Nikiwa mdogo babu alinisimulia hilo tukiwa bandarini nikadhani ananitania.

---

Mama Vitenge

Mwisho wa Reli, hiyo ya grisi nimeisoma mara tatu.

---

Bei Poa

Nimerudi. Jana nilikwenda kwa fundi mwingine kuagiza meza ya chakula, nikamwambia nataka kuiona kabla ya vanishi. Akanitazama kidogo, halafu akasema njoo Jumamosi saa nne. Tutaona.

Fundi Tendegu, na kile kitanda cha bibi wa Tanga uliishia wapi?

---

Fundi Tendegu

Asanteni wote. Mwalimu, hilo la dumisha nimewasomea vijana wangu karakana. Mwashi, nimeanza kukupenda.

Kitanda kimeondoka juzi. Kijana alikuja na pikapu, safari hii na bibi mwenyewe mbele, amefungwa mtandio wa kijani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniomba nimsaidie kushuka. Hakugonga ubao wala kutikisa. Alipitisha kiganja kwenye mfumbati wa chini, upande ule wenye nta, kama mtu anayetafuta kitu anachojua kipo. Akasema, "Hapa alipatengeneza mume wangu, mvua za zamani hizo." Kumbe mkono mmoja kati ya minne niliyohesabu haukuwa wa fundi.

Akaniuliza nimefanya nini. Nikamwonyesha. Ulimi wa tendegu lililocheza ulikuwa umelika upande mmoja, nikaubandika kipande chembamba cha mvule mkavu niliotoa kwenye mlango wa zamani, nikauchonga upya mpaka ukaingia kwa kusukumwa na kiganja. Kigingi nimeweka cha mkongo. Akauliza kwa nini nimekiacha kimetokeza kwa ndani, hakikukatwa sawa na mti kama vile vingine.

Nikamwambia ni nusu inchi, fundi atakayekuja baada yangu apate pa kukishika akitaka kukitoa.